Anayepima jiwe ndiye anayetaja bei: Tanganyika na macho ya maabara za mbali

Tuchukue mfano wa mtu anayetoka Zongwe, katika eneo la Kalemie, na mfuko wa mawe meusi mgongoni. Anashuka mjini kutafuta mnunuzi. Anajua uzito wa mfuko wake, maana ameubeba mwenyewe. Anajua pia siku alizozipoteza shimoni. Jambo moja tu hajui, nalo ndilo linaloamua kila kitu: ndani ya mawe hayo mna nini, na kwa kiasi gani. Mnunuzi anatoa mashini inayofanana na bastola, anaigusisha kwenye unga wa jiwe, anasubiri sekunde chache, kisha anataja namba. Mchimbaji hana namba nyingine ya kujibu.

Kwa miaka mingi mjadala wa madini ya mashariki mwa Kongo umehusu silaha, barabara, kodi na mipaka. Mambo hayo ni mazito na bado hayajaisha. Lakini kuna swali jingine ambalo halisikiki sana kwenye mikutano ya Kinshasa wala ya Kalemie: nani anapima? Jimbo la Tanganyika lina bati, koltani na litiamu, na karibu kila namba ya maana kuhusu madini hayo hutolewa na mtu wa nje ya jimbo, kwa mashini ambazo wakaaji hawazijui. Kadiri dunia inavyoingia katika biashara ya betri, upimaji wenyewe unazidi kuwa wa kitaalamu, na pengo linazidi kupanuka.

Mashini tatu, maswali matatu

Ni vizuri kutenganisha vipimo, kwa sababu mara nyingi wanasiasa na wafanyabiashara huvichanganya.

Cha kwanza ni ile bastola ya wanunuzi. Inatuma eksirei kwenye unga, na kila elementi inajibu kwa mwanga wake wa eksirei. Mashini inahesabu majibu hayo na kutoa asilimia. Ni chombo kizuri, chepesi na cha haraka. Lakini unyevu wa unga, ukubwa wa chembe na namna mashini ilivyorekebishwa vinaweza kuhamisha namba. Na kuna elementi ambayo haiioni kabisa: litiamu. Atomi yake ni nyepesi mno, na mwanga wake ni dhaifu kiasi kwamba mashini ya mkononi haiwezi kuupokea. Kwa hiyo mtu akikuambia amepima litiamu kwa bastola hiyo ya eksirei, uwe na shaka. Jimbo lenye Manono linapaswa kulijua jambo hilo kabla ya wengine wote.

Cha pili ni maabara ya kutafuta asili ya madini. Taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR, yenye makao Hannover, ilianza katika miaka ya 2000 kutengeneza njia inayolinganishwa na alama za vidole. Chembe za koltani huchunguzwa moja moja: madini gani yameambatana nayo, elementi zipi ndogo ndogo zimo, umri wake ni upi. Majibu hulinganishwa na sampuli zilizochukuliwa kwenye migodi yenyewe. Mkutano wa kimataifa wa kanda ya Maziwa Makuu, CIRGL, uliipokea njia hiyo kama chombo cha kuchunguza pale kunapotokea shaka.

Cha tatu kinaitwa spektroskopia ya fotoelektroni ya eksirei, kwa kifupi XPS. Hiki hakitafuti jiwe limetoka wapi, wala hakipimi mfuko mzima. Kinaangalia ngozi ya kitu tu: nanomita kumi za juu hivi. Unywele wa mtu una unene wa maelfu ya vipande kama hivyo. Mtu atauliza: ngozi nyembamba namna hiyo ina faida gani kwa mtu wa Zongwe? Jibu liko ndani ya viwanda, na ndiko bei kubwa inakotengenezwa.

Ngozi ya jiwe inavyosomwa

Kanuni yake ni ya zamani. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba mwanga unapogonga kitu unaweza kung'oa elektroni, na kwamba nguvu ya elektroni hiyo inategemea nguvu ya chembe ya mwanga iliyoigonga. Kazi hiyo ndiyo iliyompatia tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Miongo kadhaa baadaye, huko Uppsala nchini Uswidi, Kai Siegbahn na wenzake waligeuza kanuni hiyo kuwa chombo cha kemia. Alipata Nobel mwaka 1981. Baba yake, Manne Siegbahn, alikuwa ameshapata yake ya mwaka 1924 kwa kazi ya eksirei.

Kinachofanyika ni hiki. Sampuli inawekwa ndani ya chumba cha chuma kilichoondolewa hewa karibu yote. Eksirei yenye nguvu inayojulikana inaipiga. Elektroni zinaruka, na mashini inapima kila moja imetoka na nguvu kiasi gani. Ukitoa nguvu iliyobaki kwenye nguvu iliyotumwa, unajua elektroni ilikuwa imefungwa kiasi gani kwenye atomi yake. Kila elementi ina namba zake za kufungwa, kama vile kila nyumba ina ufunguo wake. Elektroni zilizoko chini sana hugongana na atomi nyingine na kupoteza nguvu njiani. Zinazofika salama ni za juu tu. Ndiyo maana chombo hiki kinasoma ngozi.

Faida yake kubwa ni kwamba namba hizo husogea kidogo kulingana na atomi imeungana na nani. Hivyo XPS haisemi tu "hapa kuna kobalti". Inasema pia kobalti hiyo imekaa katika hali gani, imeshikwa na oksijeni au na salfa. Haioni haidrojeni wala heli, lakini kuanzia litiamu kwenda juu inaona, ingawa alama ya litiamu ni dogo na inahitaji uvumilivu.

Mfano ulio karibu na nyumbani

Wazee waliofanya kazi Katanga wanajua jambo hili bila kulitaja kwa jina la maabara. Mawe ya shaba yenye salfa huelea kirahisi kwenye matangi ya povu: kemikali inashika kwenye uso wa chembe, mapovu yanaibeba juu, udongo unabaki chini. Lakini mawe ya kijani, yale ya malakiti, hayashiki kemikali hiyo vizuri. Union Minière, na baadaye Gécamines, walitumia mafuta ya mawese yaliyotayarishwa ili uso wa mawe hayo ukubali kuelea. Njia nyingine ni kuyapitisha kwenye maji yenye salfa ili chembe ivae koti jembamba la salfa. Katika njia zote hizo, moyo wa jiwe unabaki ulivyo. Kinachobadilishwa ni ngozi. Leo watafiti hutumia XPS kuhakikisha koti hilo limeshika, limeshika kwa kiasi gani, na kwa nini wakati mwingine linabanduka.

Kobalti ina hadithi ya namna hiyo. Katika madini meusi ya heterojeniti, ambayo wachimbaji wa Kolwezi wanayafahamu sana, kobalti imekaa katika hali ambayo asidi peke yake huyeyusha kwa shida. Kiwanda hulazimika kuongeza kemikali ya kuibadilisha hali hiyo kwanza. XPS inatofautisha hali hizo mbili. Kiwanda kinachojua tofauti hiyo hakipotezi kobalti kwenye takataka. Kisichojua huimwaga bila kujua, halafu miaka mingi baadaye mwingine anakuja kununua takataka hizo kwa bei ndogo.

Sasa tuje Manono. Mwamba wake wenye litiamu una madini yaitwayo spodumeni. Kipimo kilichotangazwa kwa mwamba mkuu wa huko ni kama asilimia 1.6 ya oksidi ya litiamu. Soko la dunia kwa kawaida hununua mchanga uliochujwa hadi karibu asilimia 6. Hesabu ni rahisi: hata kama hakuna kinachopotea, zinahitajika karibu tani nne za mwamba kupata tani moja ya mchanga wa kuuza, na kiwandani daima kuna kinachopotea. Kupunguza upotevu huo, spodumeni pia huelezwa kwa asidi za mafuta, na hapo tena mchezo wote uko kwenye uso wa chembe. Asilimia chache zinazopotea kwenye matangi ni fedha zilizochimbwa, zikasagwa, zikalipiwa umeme, kisha zikatupwa.

Fedha zinazopotea kwenye namba

Turudi kwa mfuko wa koltani. Bei yake hukadiriwa kwa kiasi cha oksidi ya tantalumu kilichomo, siyo kwa uzito wa mawe peke yake. Tuseme kuna kilo 100 zenye asilimia 30. Ndani yake mna kilo 30 za kulipwa. Mnunuzi akisema mashini imesoma 25, zinalipwa kilo 25. Sehemu moja kati ya sita imeyeyuka, na hakuna aliyeiba kwa bunduki.

Hasara haimwishii mchimbaji. Kanuni ya madini iliyorekebishwa kwa sheria ya tarehe 9 Machi 2018 inagawa ushuru wa madini unaolipwa na makampuni yenye vibali hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali, yaani usultani, sekta au komine, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Novemba 2018 amri ya serikali iliziweka kobalti, koltani na germani katika orodha ya madini ya kimkakati, yanayotozwa asilimia 10. Ushuru huo unahesabiwa kwa thamani ya madini. Thamani inatokana na kipimo. Kipimo kikiwa cha chini, shule ya kijiji na kituo cha afya vimekwisha kupoteza kabla bajeti haijaandikwa.

Serikali ya Kongo ina vyombo vyake. CEEC hukagua na kutoa vyeti vya madini, OCC hupima ubora wa bidhaa zinazotoka na kuingia, SAEMAPE imepewa kazi ya kuwasindikiza wachimbaji wa mikono. Tatizo ni kwamba kipimo cha serikali mara nyingi huja mwishoni, mzigo ukiwa tayari kwa safari. Mchimbaji alilipwa zamani, kwa namba ya mnunuzi. Vyeti hivyo vinalinda zaidi hazina ya taifa na mnunuzi wa nje kuliko mtu wa shimoni.

Mashini siyo dawa ya vita

Hapa panahitajika tahadhari. Kila mara sayansi mpya inapotajwa, kunatokea mtu wa kusema kwamba sasa magendo yatakwisha. Mfumo wa lebo za iTSCi uliingia Katanga mwaka 2011 kwa ahadi ya namna hiyo. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilichapisha uchunguzi likidai kwamba lebo hizo zilikuwa zikisafisha madini ya magendo; wenye mfumo walikanusha. Rubaya, huko Masisi, iliingia mikononi mwa M23 mwaka 2024, na Septemba mwaka huo Bintou Keita, aliyekuwa mkuu wa MONUSCO, aliliambia Baraza la Usalama kwamba biashara ya koltani ya eneo hilo inakadiriwa kuliingizia kundi hilo dola 300,000 kwa mwezi.

XPS haiwezi kuzuia hayo. Ikipewa chembe ya koltani, itasoma vumbi, matope na mafuta ya mikono yaliyoko juu yake. Wizi wa asili ya madini haukai kwenye ngozi. Hata njia ya Hannover, inayoingia ndani ya chembe, ina mipaka yake: inafaa tu pale sampuli ya mgodi imechukuliwa mapema, inapata shida mizigo ya migodi mingi ikichanganywa, na mashimo mawili ya mwamba mmoja yanaweza kufanana. Mashini inasaidia hakimu, lakini haichukui nafasi ya polisi, ya ofisi ya forodha wala ya amani.

Kuna pia suala la gharama. Chombo cha XPS kinauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, pengine zaidi. Pampu zake za kuondoa hewa zinapaswa kufanya kazi usiku na mchana. Mji wa Kalemie unategemea umeme wa bwawa la Bendera, na wakaaji wanajua mara ngapi taa huzimika. Kuleta chombo cha aina hiyo mjini leo, kukipiga picha na kukata utepe, ingekuwa kuandaa chuma chakavu cha kesho. Kiongozi atakayeahidi hivyo kwenye kampeni aulizwe kwanza kuhusu jenereta, vipuri na mshahara wa fundi.

Palipo na nafasi

Hata hivyo, kukaa bila kitu siyo jibu. Dunia inanunua kobalti na litiamu kwa ajili ya betri, na betri ni kazi ya ngozi. Ndani ya betri ya litiamu hujengeka utando mwembamba kwenye elektrodi, wa nanomita chache hadi makumi. Utando huo ukiwa mzuri, betri inadumu. Ukiwa mbaya, inakufa mapema. XPS ni kati ya vyombo vinavyotumika sana kuuchunguza. Kwa maneno mengine, Kongo inauza tani za mawe, na thamani kubwa inapatikana mwishoni, kwenye utando ambao maabara zetu haziwezi kuuona.

Serikali yenyewe inasema inataka kupanda ngazi. Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi makubaliano ya kushirikiana katika mnyororo wa betri, na mwezi huohuo kituo cha utafiti wa betri kilizinduliwa kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tarehe 22 Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, na kuanzia Oktoba mwaka huo ikaweka mgao kwa kila kampuni. Nchi inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia ilionyesha kwamba inaweza kufunga bomba. Kufunga bomba ni nguvu moja. Kujua thamani halisi ya kinachopita ndani ya bomba ni nguvu nyingine, na hiyo hainunuliwi kwa amri ya waziri.

Kwa Tanganyika, ngazi inaweza kupandwa kwa hatua za kawaida.

Ya kwanza ni ya bei ndogo: kwenye vituo vya biashara ya madini, mchimbaji aonyeshwe namba, apewe karatasi yenye namba hiyo, na mashini ipimwe kwanza mbele ya watu kwa sampuli ambayo asilimia yake inajulikana. Mizani ya sokoni hupimwa kwa jiwe la kilo moja. Mashini ya madini nayo iwe na jiwe lake. Ushirika wa wachimbaji ukiwa na mashini yake mwenyewe, hata moja kwa mashimo mengi, mazungumzo ya bei yatabadilika siku hiyohiyo.

Ya pili ni kuhifadhi sampuli. Kila kampuni inayotoa mwamba Manono au kwingineko iache jimboni sehemu ya sampuli zake, zikiwa zimefungwa na kuandikwa. Anayeweka sampuli leo anaweza kuipima tena baada ya miaka kumi kwa mashini bora. Anayeiruhusu iondoke yote anabaki na ripoti ya mtu mwingine.

Ya tatu ni watu. Mwanafunzi wa kemia wa Kalemie hahitaji XPS nyumbani ili ajifunze kuisoma. Maabara za Afrika Kusini, kwa mfano ile ya Chuo Kikuu cha Free State huko Bloemfontein, zina vyombo hivyo, na sampuli ya ngozi ni ndogo kuliko ukucha. Sampuli inaweza kusafiri. Lililo muhimu ni kwamba anayeuliza swali na anayesoma jibu awe mtu wa hapa. Mikataba ya litiamu inayojadiliwa sasa ingeweza kuweka wazi idadi ya wanafunzi, fedha za sampuli na haki ya kuchapisha matokeo. Vipengele vya namna hiyo havigharimu kampuni sana, lakini vinadumu kuliko kisima kilichochimbwa haraka kwa ajili ya picha.

Ya nne ni Lubumbashi. Ikiwa kituo cha betri kitapata vyombo vya kuchunguza ngozi za madini, kisiwe cha shaba na kobalti ya kusini peke yake. Spodumeni ya Manono na koltani ya Tanganyika ziwe kwenye meza yake tangu mwanzo, na wabunge wa jimbo ndio wenye kazi ya kulidai hilo wakati bajeti inapojadiliwa.

Yule mtu wa Zongwe hatasubiri hayo yote. Kesho atashuka tena Kalemie na mfuko wake, na mnunuzi atatoa tena bastola yake. Linaloweza kubadilika mapema ni moja: namba inayotajwa ikiandikwa kwenye karatasi, na pembeni pakawepo mashini ya pili ya kuithibitisha, mchimbaji atakuwa na la kujibu.